Tuko kumi na tumekwama kwenye dokezo la saba: wingi wetu unasaidia au unaharibu?

*"Habari. Mimi na wenzangu tisa tumeingia kwenye msako wa hazina wa mtandaoni. Jibu la kila dokezo ndilo linalofungua linalofuata, na la mwisho litataja mahali hazina ilipofichwa. Madokezo sita ya mwanzo tuliyamaliza haraka. La saba, ambalo ni shairi fupi, limetushinda, na hii ni wiki ya tatu. Kundi letu la WhatsApp limejaa nadharia. Mwenzetu mmoja anayejua mengi ameng'ang'ania jibu lake na wengine wameanza kumfuata; wawili wamenyamaza kabisa. Kuna anayetaka tuiulize programu ya akili bandia, na kuna anayetaka tubaki watatu tu 'wenye vichwa'. Juzi mtu nisiyemjua alinitumia ujumbe akidai ana jibu na anaweza kutuuzia. Mwingine anataka tuende mahali anapopashuku tukachimbe. Je, wengi tunasaidiana au tunaharibiana? Na tutajuaje kwamba jibu ni sahihi kabla ya kulituma? Tunaruhusiwa kukosea mara tatu tu, na tumeshakosea mara moja."*

Ndugu yangu, maswali yako ni mengi, lakini wasiwasi ulio chini yake naona ni mmoja: mnaogopa kwamba wingi wenu ndio ugonjwa. Nikutoe hofu hiyo kwanza. Watu kumi si wengi kwa msako wa hazina. Kwa jinsi ulivyoeleza, kasoro iko kwenye mpangilio wa kazi. Mnabishana kuhusu majibu kabla kila mmoja hajalisoma dokezo akiwa peke yake. Mkibaki watatu na kuendelea hivyohivyo mtakwama vilevile, tena mkiwa na akiba ndogo zaidi ya mawazo.

Hilo wazo la "wenye vichwa" nalikuta karibu katika kila kundi lililokwama, na sijaona likiwasaidia watu. Mwaka 2001 Microsoft ilitengeneza mchezo wa mafumbo mtandaoni kuitangaza filamu ya Steven Spielberg iitwayo A.I. Wachezaji zaidi ya 7,000 walijikusanya katika kundi moja lililojiita Cloudmakers, na watunzi wa mchezo walisimulia baadaye kwamba mafumbo waliyotarajia yawashughulishe watu kwa miezi yalifumbuliwa ndani ya siku moja. Umati wa namna hiyo haushindi kwa sababu una bingwa. Unashinda kwa sababu ndani yake hakosekani anayesoma nota za muziki, anayejua kemia, anayetambua mwandiko wa lugha ambayo wenzake hawajawahi kuiona. Huwezi kujua mapema ni ujuzi wa nani utakaohitajika, kwa hiyo ukipunguza watu unakata tawi usilojua nani amelikalia.

Ila kuna tofauti ambayo nadhani ndiyo iliyowakwamisha. Yako mafumbo ya kujua, na yako mafumbo ya kusikia. Picha ya jengo, alama za Morse (herufi zilizoandikwa kwa nukta na vistari), tarehe ya tukio, bendera: hayo ni ya kujua, na kadiri macho yanavyokuwa mengi ndivyo jibu linavyopatikana haraka. Sitashangaa kama madokezo yenu sita yalikuwa ya aina hiyo. Shairi fupi ni la kusikia. Linataka neno ulilolizoea ulisikie upya, kana kwamba hujawahi kulitumia. Kazi hiyo kila mtu huifanya ndani ya kichwa chake, na kelele huiharibu.

Huiharibu namna gani? Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, waliwalinganisha watu wanne wanaobuni mawazo wakiwa wamekaa pamoja na watu wanne wanaobuni kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakaunganishwa. Waliofanya kazi kila mtu peke yake walipata mawazo mengi zaidi, na majaribio ya baadaye yamekuwa yakirudia matokeo hayo. Sababu hazina maajabu. Ukiwa unamsikiliza mwenzako, wazo lako linasubiri zamu, na likisubiri hufifia. Tena wazo la kwanza kusemwa huweka reli: wote wanaofuata wanafikiri kulikubali au kulipinga, wala hawafikirii kitu kingine. Kwenye WhatsApp hali ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeandika haraka ndiye anayeonekana kuwa na hoja. Hao wawili walionyamaza usiwahesabu kuwa wavivu. Huenda wana mawazo ambayo hayajapata pa kupita.

Fanyeni hivi. Kwanza, rudini kwenye dokezo la asili, lile lililotolewa na waandaaji wenyewe. Acheni nakala iliyochapwa upya kwenye kundi. Mtu akichapa shairi kwenye simu, simu humsahihishia tahajia, herufi kubwa hupotea, mistari hukatika pengine, nafasi mbili huwa moja. Kila kimoja kati ya hivyo chaweza kuwa sehemu ya fumbo. Mtunzi akitaka usome herufi ya kwanza ya kila mstari, kwa mfano, aliyeunganisha mistari miwili ameshalizika jibu. Kama dokezo lilikuja kama picha, hifadhini faili lenyewe, maana picha iliyopitishwa WhatsApp hubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili huondoka.

Kisha zimeni mjadala kwa siku moja. Kila mtu asome akiwa peke yake, aandike kila kinachomjia hata kama ni cha kijinga, amtumie mtu mmoja faragha. Huyo mmoja akusanye yote na kuyaweka mbele ya kundi kwa mpigo, bila majina. Bila majina ni muhimu, hasa kwa sababu ya huyo mwenzenu anayejua mengi. Simlaumu, watu wa aina yake ni hazina katika mafumbo ya kujua. Lakini jibu lake sasa limebeba heshima yake, na wenzake wakilipinga wanaona kama wanampinga yeye. Likiwekwa katikati ya mengine kumi na matano bila jina, litapimwa kwa uzito wake lenyewe.

Sasa kupima. Msako wenu bado unaendelea, kwa hiyo dokezo lenu halisi sitaligusa hapa. Nimetunga langu dogo ili uone mambo yanavyokwenda:

*Mwituni nakimbia, mjini nawafunika;*
*ndege akinitenda, ardhi anaiacha.*

Ukilitupia kundi lenu hili, mtu atasema upesi: ukungu! Ukungu hutembea mwituni, hufunika miji. Na ndege je? Hapo ndipo kundi zima litaanza kumsaidia. Mmoja atasema ndege iliyotajwa ni eropleni, na penye ukungu eropleni hazipai. Mwingine atakumbusha kwamba shairi linasema ndege anaiacha ardhi. Wa tatu ataokoa jahazi: basi mtunzi anasema kinyume! Baada ya nusu saa ukungu umepata watetezi sita na hakuna aliyeuliza kwa nini ulihitaji watetezi.

Msomaji mtulivu atasimama kwenye neno moja la ajabu: *akinitenda*. Mtunzi angeweza kuandika akiniona, akinigusa, akinipenda, na mizani isingeharibika. Kwa nini aandike neno ambalo hakuna mtu angelisema katika mazungumzo ya kawaida? Kwa sababu kinachotendwa ni tendo. Jibu basi ni jina la kitu na papo hapo ni kitenzi. Ndege hufanya nini akaiacha ardhi? Huruka. Hupaa. Paa! Rudi nyuma sasa: paa ni mnyama, anakimbia mwituni, paa ni la nyumba, linawafunika watu. Hakuna neno lililobaki nje na hakuna lililopindwa.

Katika mfano huu mdogo mna kipimo chote ninachokitegemea. Jibu sahihi huajiri kila neno la dokezo, hasa lile linalokaa vibaya. Mtunzi mzuri hapotezi maneno. Neno likikaa kombo, amelikusudia. Na jibu sahihi halihitaji huruma. Mkianza kusema "labda alimaanisha kinyume", "labda hapa ametumia tu kwa uzuri wa lugha", mnalihurumia jibu, na kila "labda" moja ni sababu ya kurudi mwanzo. Likipatikana lenyewe, mara nyingi kundi zima hucheka kwa pamoja.

Zoeeni pia lugha ya watunzi. Maneno kama kukatwa, kupoteza, kugeuka, kuvurugika, kujificha mara nyingi ni maagizo juu ya herufi, hata yakionekana kama hadithi. "Mlango uliokatwa kichwa" waweza kuwa *lango*, kwa kuondoa herufi ya kwanza. "Iliyojificha bandarini" yaweza kuwa *dari*, kwa sababu imo ndani ya neno bandari. Kama dokezo ni maandishi yaliyogeuzwa herufi kwa herufi, Kiswahili kina upole wake: karibu kila neno huishia na irabu, kwa hiyo herufi za mwisho wa maneno zikiwa za aina tano tu, mmeshajua mnashughulika na lugha gani na irabu zenu ni zipi. Inayojitokeza kuliko zote huwa ni *a*. Kwa Kiingereza huwa ni *e*. Na mkizungusha alfabeti, yaani kila herufi ikibadilishwa na iliyo hatua kadhaa mbele yake, kubalianeni kama mnahesabu herufi 26 au 24 za Kiswahili zisizo na q na x. Nimeona watu wakiwa na ufunguo sahihi mkononi, wakautupa kwa sababu hiyo.

Kuhusu yale majaribio mawili mliyobakiza. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 akawaambia zinafuata kanuni fulani. Wao wapendekeze namba nyingine tatu, awaambie kama zinaifuata, hadi waigundue. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili. Wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo. Wakajaribu 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo. Wakatangaza kanuni yao kwa uhakika, wakaambiwa si hiyo. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wangejaribu 3, 7, 50 wangegundua mara moja, lakini walijaribu tu yale ambayo yangewapa ndiyo. Kwa hiyo kabla ya kutuma jibu lolote, wateueni wawili kazi yao iwe kuliangusha. Watafute neno ambalo jibu haliligusi. Watafute jibu jingine linalofaa sawasawa. Likipatikana, mjue hamjafika, kwa sababu fumbo zuri halina majibu mawili mazuri. Kisha mmweleze njia yenu mtu wa nje ambaye hajaona dokezo, hatua kwa hatua. Akisema "hapo umerukaje?", hapo ndipo penye ufa. Ningewapa kazi hii ya uangushaji wale wawili walionyamaza. Kichwa chao bado hakijafungwa na nadharia ya mtu.

Wekeni pia hati moja ya pamoja nje ya mazungumzo: yaliyokwisha kujaribiwa na kwa nini yalianguka, na lile jibu mlilolituma likakataliwa liwe la kwanza. Kosa lenu la kwanza lina thamani, limewaondolea njia moja. Kwenye mazungumzo litasahauliwa na wiki ijayo mtu atalileta tena kama jipya.

Akili bandia: someni kanuni za msako kwanza, maana waandaaji wengine wanaikataza. Kama inaruhusiwa, itumieni kama karani. Iorodheshe visawe, itaje maana zote za neno, ijaribu mizunguko yote 25 ya alfabeti. Msiiombe jibu. Programu hizi hutoa jibu kwa sauti ya uhakika uleule likiwa sahihi au la uongo, na hukosea mara kwa mara penye kuhesabu na kupanga herufi. Baya zaidi, jibu lake huwa ndilo wazo la kwanza la kundi, na nimeshaeleza wazo la kwanza linavyofanya. Iingizwe baada ya kila mtu kutuma lake.

Anayeuza jibu mpuuze, kisha mwarifu mwandaaji. Mwenye jibu la kweli hana haja ya kuliuza wakati mlango wa dokezo linalofuata uko wazi kwake. Msibonyeze kiungo chake na msimpe nywila ya akaunti yenu. Na hata siri ikiwa ya kweli, ina uchungu wake. Uingereza mwaka 1979 msanii Kit Williams alificha sungura wa dhahabu na kuweka mafumbo katika kitabu cha picha. Walimu wawili wa fizikia, Mike Barker na John Rousseau, walilifumbua fumbo kwa njia halali, lakini zawadi ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine mwaka 1982. Mwaka 1988 gazeti moja lilifichua kwamba huyo mshindi alikuwa amepata habari kupitia mtu aliyewahi kuwa karibu na Williams. Sungura alipatikana, sifa ikafutika.

Kuhusu kuchimba niseme wazi: msiende. Dokezo la saba si la mwisho, kwa hiyo mwenzenu anachimba kwa kukisia. Huko Marekani Forrest Fenn alificha sanduku lake katika Milima ya Rocky karibu mwaka 2010, na hadi lilipopatikana Wyoming mwaka 2020 watu wasiopungua watano walikuwa wamekufa wakilitafuta, ingawa Fenn alisema mara nyingi kwamba hakuliweka mahali pa hatari. Siku yenu ya kwenda ikifika, nendeni mchana, msiopungua wawili, mwachieni mtu habari ya mnakokwenda, na mwombeni mwenye ardhi ruhusa kwa mdomo au kwa maandishi kabla jembe halijashuka. Kama ni hifadhi, eneo la kale au makaburi, ofisi inayolisimamia ndiyo ya kuuliza, si sisi wa mafumbo. Hakikini namba za GPS pia: tarakimu ya tatu baada ya nukta ikikosewa kwa moja mko mbali kwa takriban mita 111, na alama ya kutoa ikisahaulika mnahamia upande wa pili wa ikweta. Na kama kuna mwenzenu ambaye halali, anakopa, au anagombana nyumbani kwa ajili ya msako, huyo anahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana, ndugu au mshauri. Dokezo lingine halitamtibu.

Jambo ambalo hukuuliza: mmeandikiana jinsi mtakavyogawana? Fanyeni sasa, mkiwa bado mmekwama na hakuna cha kugombea. Mwaka 2009 shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, lilitoa zawadi ya dola 40,000 kwa watakaopata baluni kumi nyekundu zilizotawanywa nchini. Timu ya chuo kikuu cha MIT ilishinda kwa muda usiofika saa tisa. Walikuwa wametangaza mgawo mapema: aliyeona baluni dola 2,000, aliyemwalika huyo 1,000, aliyemwalika mwalikaji huyo 500, kuendelea chini. Kila mtu alijua kusema kunamlipa kuliko kuficha. Ninyi hamhitaji hesabu hiyo. Mgawo sawa kwa wote kumi unatosha. Lakini nadharia zinazofichwa kwenye vikundi mara nyingi zinafichwa na watu wasiojua watapata nini wakizitoa.

Mkimaliza yote haya na shairi likiwa bado kimya, andikieni waandaaji. Watunzi nao hukosea. Sanamu ya Kryptos ya Jim Sanborn, iliyowekwa makao makuu ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 1990, ina maandishi ya siri, na maneno ya mwisho ya sehemu yake ya pili yalisomeka vizuri kabisa, yakakubaliwa na wafumbuaji kwa miaka. Mwaka 2006 Sanborn akatangaza kwamba aliacha herufi moja na kwamba maneno hayo yalipaswa kuwa mengine. Msiombe kidokezo, watawakatalia. Waulizeni swali ambalo mwandaaji mwaminifu anaweza kulijibu bila kuwapendelea: je, dokezo la saba kama linavyoonekana kwenye ukurasa wenu ni sahihi herufi kwa herufi, pamoja na nafasi na mikato ya mistari?